Kiganja Kimoja tu cha Pumba

Nianze kwa kusema kwamba mimi si mtu wa hasira. Watu wa nyumba yetu watakwambia vingine, lakini hao ndio ninaotaka kuwasema, kwa hiyo usiwasikilize.

Tuko watano. Baba ni seremala, na karakana yake iko nyuma ya nyumba, ukitoka jikoni unavuka ua tu. Mama ni Mama. Shangazi, dada yake Baba, alikuja kututembelea kabla sijazaliwa na mpaka leo hajasema anaondoka lini. Anafuga kuku wa mayai kwenye banda la pembeni. Mdogo wangu anatengeneza simu kwenye kibanda mbele ya nyumba, na kwa kuwa anatazama video kutwa na hakuna jambo asilolijua, tunamwita Profesa. Wa tano ni mimi, mwotesha uyoga, ambaye humo ndani naitwa Bi Kipimo. Si jina la heshima.

Uyoga ulianza na kuanguka kwa Baba. Alikuwa anapasua mbao kwenye msumeno wa umeme, akaona kiza, akaenda chini. Bahati yetu aliangukia upande wa mbao, hakuangukia kwenye meno. Hospitali wakamfunga ule mkanda mkononi, wakatazama mashine, kisha wakatazamana. Presha. Daktari akasema nyama apunguze, kisha akatoa amri mbili: chumvi marufuku, na msumeno marufuku mpaka presha ishuke.

Wewe hukumjua Baba kabla ya hapo. Alikuwa mtu wa kuamka na mluzi mdomoni na penseli sikioni, akafungua karakana kabla ya chai, ukasikia msumeno unalia na yeye anaujibu. Sasa akawa anaamka, anaweka penseli sikioni vilevile, anabeba kigoda, anakwenda kukaa nje ya mlango wa karakana uliofungwa kufuli. Jua likimfuata anahamisha kigoda. Mluzi ukakatika. Akaja mfanyabiashara mmoja wa mbao kuuliza kama msumeno unauzwa. Baba hakumjibu, lakini pia hakumfukuza, na hilo ndilo lililotutia hofu.

Nyuma ya karakana kulikuwa na kilima cha vumbi la mbao ambacho hakuna aliyekuwa na moyo wa kukizoa. Mwanamke mmoja sokoni, anayeuza mbegu za uyoga na wote tunamwita Mama Mbegu, aliniambia kilima hicho ni shamba nililokalia. Nikafikiri: daktari kasema nyama apunguze, na Baba mboga za majani anaziita chakula cha mbuzi. Uyoga angalau unatafunika. Nikaanza.

Mifuko ya kwanza nilijaza vumbi tupu. Uyoga ukaota mwembamba, shingo ndefu, kofia kama kifungo cha shati. Nilipompelekea Mama Mbegu auone alicheka mpaka akakaa chini.

"Mwenzangu, huu umekufa njaa," alisema. "Vumbi la mbao halina chakula cha kutosha. Litilie pumba. Lakini kwa kipimo. Bakuli moja la pumba kwa mabakuli kumi ya vumbi, na chokaa kidogo, basi. Ukizidisha, utakuwa umewaandalia wengine."

Nikaenda mashine ya kukoboa mpunga iliyo mtaa wa pili, nikaomba pumba. Nikajaribu pumba za mahindi, nikajaribu mashudu ya alizeti, kila kitu kwenye mifuko yake na alama yake, nikizidisha huku, nikipunguza kule. Mwisho nikajua: pumba za mchele kwa kipimo kile, na juu yake mashudu machache tu, na uyoga unatoka mnene, kofia pana kama kisahani, ukiuminya unarudi. Baba alikula, akanyoosha sahani akaongezewa. Nilijisikia mtu.

Namna ya kazi ni hii. Nachanganya vumbi na pumba kwenye beseni kubwa uani, nanyunyiza maji, nafunika turubai, naacha mpaka kesho yake ili unyevu uingie sawasawa. Kisha najaza mifuko, naipika kwa mvuke kwenye pipa, ikipoa natia mbegu, naiweka chumba cha giza. Utando mweupe unatembea ndani ya mfuko mpaka mfuko wote unakuwa mweupe. Ni kazi isiyo na siri. Inachotaka ni kwamba kila mtu atulize mikono yake, na katika nyumba yetu hilo ndilo halipatikani.

Sasa habari ya chumvi. Mama aliamua tule wote bila chumvi, chungu kimoja, ili Baba asijione katengwa. Akatupa kopo la chumvi mbele ya macho yetu. Uamuzi mzuri, nani atabisha. Ila siku ya kwanza Baba alitia kijiko mdomoni, akakiweka chini, akasema "Ahsanteni," akaenda kulala. Siku iliyofuata hivyohivyo. Mashati yakaanza kumpwaya. Mimi moyo wangu si jiwe. Nikanunua kipakiti cha chumvi, nikakificha mfukoni mwa gauni, na Mama akitoka jikoni nikawa napita na kudondosha chembe za ncha ya vidole viwili, kiasi ambacho hata sisimizi asingekiona. Baba akaanza kula. Mama akasema ni uyoga, kwamba uyoga una chumvi yake ya asili, na akawaeleza majirani jambo hilo kama aliyelisoma chuoni. Nilinyamaza. Chembe zile zisingemdhuru mtu, nilikuwa na hakika, kwa sababu nilizipima mwenyewe.

Basi mambo yalikuwa hivyo, mazuri, mpaka yalipoharibika, na yaliharibika yote kwa pamoja.

Mifuko ilianza kupata joto. Unaigusa unadhani ina homa. Harufu ikawa chachu, kisha ukungu wa kijani ukatokea, kwanza doa, kesho yake mfuko mzima. Nikatupa. Nikatengeneza upya, kipimo kilekile. Ukungu. Nikasugua chumba kwa dawa, kuta mpaka dari, vidole vikachubuka. Ukungu. Nikapika mifuko muda mrefu zaidi, kuni zikaisha, Mama akalalamika moshi. Ukungu. Nikamwendea Mama Mbegu nikiwa nimefura.

"Mbegu zako mbovu," nilimwambia.

"Mbegu zangu anazo kila mtu mtaa huu na wa pili. Wewe tu ndiye unayelia. Unaongeza nini?"

"Siongezi kitu. Kipimo kilekile."

"Kuna kitu kinazidi."

"Nimekwambia siongezi."

"Basi sawa, mama wa kipimo," alisema, akageukia mteja mwingine. Nilirudi nyumbani natembea kama ninayekanyaga watu.

Na kliniki nako vilevile. Kila tukimpeleka Baba, mashine inapanda. Nesi ni msichana mpole, ana miwani ya duara, anaongea polepole kama anayekuamsha usingizini. Akabadilisha dawa, presha ikapanda. Akaongeza dawa, ikapanda.

"Mnatumia chumvi?" aliuliza.

"Haingii nyumbani kwangu," alisema Mama.

"Hata kidogo?"

"Kopo nimelitupa mwenyewe," alisema Mama, na Shangazi aliyekuja kumsindikiza kaka yake akaitikia kwa kichwa, na Profesa akaitikia, na mimi, kwa kuwa chembe si chumvi, nikaitikia.

Nesi alivua miwani akaifuta. "Basi sijui. Kliniki ijayo ikiwa hivihivi, daktari atamwambia aachane na msumeno kabisa. Mzee, itabidi utafute kazi nyingine ya kukaa."

Baba alikuwa anafunga kifungo cha mkono wa shati. Kilimshinda, Mama akamfungia. Tulipofika nyumbani, mfanyabiashara wa mbao alikuwa amekaa kwenye kigoda cha Baba, anatusubiri, na Baba akamwambia, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, "Njoo baada ya kliniki ijayo. Tutaongea."

Nilikwenda nikajifungia chumba cha uyoga. Mbele yangu mifuko ya kijani, imejipanga kwenye rafu kana kwamba inanicheka. Nikasema leo nitajua. Nikachukua mfuko mmoja, nikaupasua, nikaumwaga kwenye sinia, nikaanza kuuchambua kama mtu anayechambua mchele.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni vipande vyeupe, vigumu, vya magamba ya konokono yaliyosagwa. Sasa, mti gani unaota magamba ya konokono? Hicho ni chakula cha kuku wa mayai. Nikaendelea. Madonge ya unga wa mahindi, yameganda. Vijiti vyeusi vya majani ya chai. Kitu cha kahawia chenye kunata, nikakinusa: sukari guru. Na chini kabisa, majivu.

Nilikaa nikitazama lile sinia. Mimi napima kwa bakuli, nasawazisha juu kwa kijiti, naitwa majina, kumbe nyumba nzima inanyemelea beseni langu.

Nikatoka uani. Nikabeba beseni tupu, nikaliweka katikati, nikaita watu wote. Nadhani niliita kwa sauti kubwa kidogo, kwa sababu kuku wa Shangazi waliingia bandani wenyewe.

"Nani anatia vitu kwenye vumbi langu?"

Mama alikuwa anatazama kanga yake. Profesa alitoa simu, akaona macho yangu, akairudisha mfukoni.

"Shangazi, hiki ni nini?" Nikamwonyesha magamba.

"Hicho? Ah, hicho ni kidogo tu," alisema Shangazi. "Kiganja kimoja. Chakula cha kuku kina kila kitu, mwanangu. Kuku wangu unawaona walivyo. Nikasema, huyu mtoto ana mkono wa birika, hata uyoga anaubania. Bakuli moja? Kwa beseni lile lote? Nikaona huruma."

"Na unga?"

Mama alikohoa. "Unga ulikuwa umebaki. Ningeumwaga? Nikaona bora ufae huku. Kiganja tu. Na majani ya chai, hayo si chakula, hayo ni ya kulainisha."

"Mama, kila siku?"

"Si kila siku. Ukichanganya tu."

"Ndiyo kila siku, Mama."

Profesa akaona bora ajisalimishe. "Dada, mimi niliona video. Kuna mtu kule nje anatia sukari guru, uyoga wake unazidi sinia. Nikasema nisikwambie, utaanza na vipimo vyako. Nikaweka donge moja. Dogo."

Nikageuka taratibu. Baba alikuwa kwenye kigoda chake, penseli sikioni, anatazama mlango wa karakana.

"Baba?"

"Majivu," alisema Baba. "Kidogo. Bibi yako alikuwa anatia kwenye maboga."

Hapo ndipo nilipochemka, sikatai. Nikaleta vumbi, nikapima mabakuli kumi nikamwaga kwenye beseni. Nikawaambia kila mtu akalete anachotiaga, kiasi kilekile, kwa mkono wake mwenyewe, asiibe. Wakaenda wakarudi. Shangazi akaweka kiganja chake, na kiganja cha Shangazi si kiganja, ni koleo. Mama akaweka unga, akafikiri, akaongeza. Profesa akaweka donge lake dogo, kubwa kama ngumi. Baba akaja na majivu kwenye kipande cha ubao. Mwisho nikaweka bakuli langu la pumba na mashudu yangu machache, yakapotelea humo ndani usiyaone.

"Tazameni," nilisema. "Mtafute vumbi liko wapi."

Walitazama. Vitu vyao vilikuwa vimekaribia kulizidi lile vumbi lenyewe.

"Mlijua wengine wanatia?"

Mama akasema, polepole, "Mimi nilidhani ni peke yangu."

"Hata mimi," alisema Shangazi.

"Kila mmoja kidogo," nilisema, "na kila mmoja peke yake. Uyoga hauna shida na chakula, ila kikizidi ukungu unakuja mbio unakula kwanza. Mfuko unapata joto, unachacha, unaoza. Mmenitesa muda wote huu! Nimegombana na Mama Mbegu bure. Nimesugua dari. Kila mmoja wenu kanisaidia mpaka mmeniua."

Shangazi alikuwa na machozi karibu, na mimi nilikuwa bado nina maneno mengi, lakini koo lilikauka. Nikawaacha hapohapo na beseni lao, nikaingia jikoni kunywa maji.

Chungu kilikuwa motoni, uyoga wa mwisho uliopona, umekatwa vipande vinene. Jikoni hakukuwa na mtu. Nikanywa maji, nikaweka kikombe, na mkono wangu, wenyewe, bila hata kuniuliza, ukaingia mfukoni mwa gauni, ukatoa kile kipakiti, ukakifungua, ukachukua chembe za ncha ya vidole viwili, ukanyooka juu ya chungu.

Ukabaki hewani.

Mvuke ulikuwa unanipiga kiganjani. Nilisikia sauti yangu mwenyewe kutoka uani, kila mmoja kidogo na kila mmoja peke yake, kana kwamba kuna mtu kaniita. Nikarudisha chembe kwenye kipakiti. Nikachukua mwiko, nikachota mchuzi, nikaupuliza, nikaonja.

Ulikuwa wa chumvi. Si chumvi ya asili ya uyoga. Ulikuwa na chumvi ya kukufanya ukunje uso, na mimi nilikuwa bado sijatia. Miezi yote ile sikuwahi kuonja kabla ya kutia. Nilikuwa natia, kisha nakula, na kila nilichokisikia ulimini nilidhani ni changu.

Nikashika chungu kwa vitambaa, nikakitoa nje. Walikuwa bado wamesimama kama nilivyowaacha. Nikakiweka chini kando ya beseni. Safari hii sikupaza sauti, na nadhani hilo liliwatisha zaidi.

"Na hapa je," nilisema. "Nani anatia?"

Nikaweka kipakiti changu chini wa kwanza.

Mama alikitazama, na uso wake ukaanza kunywea. "Wewe?"

"Mimi. Ncha ya vidole. Kila siku."

Profesa aliondoka. Akarudi kutoka kwenye kibanda chake na kile kikopo anachowekea skrubu za simu, akakiweka kando ya kipakiti changu. Nusu yake ilikuwa chumvi. "Baba alikuwa hali, Dada," alisema. "Nilikuwa napitia jikoni nikienda kuoga."

Shangazi alifungua fundo la kanga yake. Kulikuwa na chumvi ya mawe, ya kutosha kuhifadhi samaki.

Tukamtazama Mama. Mama aliyetupa kopo mbele ya macho yetu, Mama wa chumvi ya asili. Alifunika mdomo kwa upande wa kanga.

"Ni wakati wa kupakua tu," alisema. "Kwenye sahani yake tu. Anaponitazama vile. Nyinyi hamjui anavyonitazama." Kisha akakaa chini, pale pale vumbini, akalia. "Nesi kaniuliza. Nimemwambia haingii nyumbani kwangu."

Baba alikuwa ameinuka kutoka kwenye kigoda. Alitembea mpaka kwenye chungu, akakitazama, akatutazama mmoja mmoja, mke wake, dada yake, watoto wake. Nilidhani atafoka. Alikuwa na haki. Badala yake alivua kofia, akaigeuza, na kutoka kwenye mkunjo wa ndani akatoa kipande cha gazeti kilichosokotwa vizuri, kama seremala anavyosokota misumari midogo. Akakiweka kwenye foleni pamoja na vyetu.

"Nilikuwa naongeza," alisema. "Kidogo. Nikiona hakijakolea."

Profesa alicheka, akajizuia, ikawa kama kikohozi. Mimi sikucheka. Nilikaa kwenye ukingo wa beseni. Nilimwona Baba chini kwenye mbao, kama siku ile. Nikaona ni sisi tuliokuwa tunamsukuma, kila mmoja na kidole chake, kwa mapenzi yetu yote, na hakuna aliyesikia uzito wa mwenzake. Hasira zote nilizokuwa nazo juu ya ule ukungu sikujua nizipeleke wapi.

"Mwaga hicho chungu," alisema Baba.

Shangazi alisogea aende kuwapa kuku.

"Usiwape," nilimwambia. "Utawaua."

Tulichimba shimo tukamwaga, mchuzi, chumvi zote, na lile beseni la vumbi juu yake. Mama akapika upya, mimi nikiwa nimesimama mlangoni mwa jikoni mikono kifuani, na hakuna aliyepita. Usiku ule tulikula bila chumvi kweli, kwa mara ya kwanza tangu zile siku mbili za mwanzo. Kilikuwa chakula kibaya. Sitakudanganya. Baba alitafuna tonge lake muda mrefu, akameza, akasema, "Kumbe ndiyo hivi," akachota jingine. Hakuna aliyemtazama, kwa sababu tulikuwa tumekubaliana kwamba anayemtazama ndiye atakayemhurumia. Tulikula macho kwenye sahani zetu. Mama alianza kutia ndimu na tangawizi siku za mbele, na ikawa si haba.

Ukasema basi yameisha? Hujui watu wetu. Siku mbili tu baadaye nilimkuta Shangazi kando ya turubai, mikono nyuma.

"Naangalia tu," alisema.

"Fungua kiganja."

Kilikuwa kitupu, lakini kilikuwa kinawasha, nilikiona kinavyowasha. Hapo ndipo Baba alipobeba kigoda chake kutoka mlangoni mwa karakana, akakileta uani, akakiweka kando ya beseni. Akakaa, ubao mrefu mapajani.

"Bi Kipimo," alisema, "wewe linda chungu changu. Mimi nitalinda vumbi lako."

Akalilinda kama askari wa benki. Mama akipita na mabaki ya unga, ubao unagonga ukingo wa beseni, ko. Profesa akija na habari ya video mpya, ko. Wakati wa mifuko alinisaidia kujaza, anashindilia kwa mikono ya mtu anayejua mbao, akaniuliza vumbi hili ni la mti gani, akajijibu mwenyewe, akaniambia kila mti alioupasua kwenye kile kilima na kabati au kitanda ulichokuwa. Mifuko ile haikupata joto. Utando ulitembea mweupe kutoka juu mpaka chini, na nilipoikata, uyoga ukatoka kwa mafungu, mnene, wa kujaza mikono miwili. Nilimpelekea Mama Mbegu fungu moja nikamwomba radhi. Aliipokea radhi kwa mbwembwe nyingi, akaifanya habari ya soko zima.

Kisha ikafika kliniki. Tulikwenda wote tena. Mfanyabiashara wa mbao alikuwa amekwisha tuma mtu kuuliza kama mzee karudi. Baba alikaa kwenye kiti, akakunja mkono wa shati mwenyewe. Mkanda ukajaa, ukaguna, ukalegea. Nesi akatazama mashine. Akafungua mkanda, akaufunga upya, akapima tena, mkono wa pili, na mimi nilikuwa nimeshika mkono wa Shangazi kwa nguvu mpaka akanifinya nimwachie.

"Imeshuka," alisema nesi. "Imeshuka sana." Akatuinulia macho kupitia ile miwani ya duara. "Dawa ni zilezile. Mmefanya nini?"

Mama alitazama chini. Profesa alitazama dari. Ikabidi nijibu mimi.

"Tumeacha kumsaidia."

Nesi hakuelewa, na hakuna aliyemweleza. Baba alikuwa anashusha mkono wa shati, anafunga kifungo, na chini kwa chini, kama mtu anayeonja kitu, alikuwa anajaribu mluzi.